Chuma Kimekunywa?

Fundi wa vyombo aliyetuhudumia kanisani kwetu Bashay kwa miaka kumi na moja hakuwa mpenzi wa muziki. Nalisema hili mapema kwa sababu kwenye kwaya yetu bado kuna watu wanaosema, "Yule mzee alizipenda sana nyimbo zetu." Hakuzipenda. Alifika na mkoba wake wa bluu saa kumi na mbili asubuhi, akafunga vyombo, akatuamuru tukae kimya sote, akawasha kila kitu, halafu akasogeza sikio kwenye spika na kusikiliza wakati hakuna anayeimba. Spika ikiwa kimya kabisa, alitabasamu. Tulipoanza kuimba alitoka nje, akaenda kukaa kwenye jiwe karibu na pikipiki yake mpaka ibada iishe.

"Kuimba ni kazi yenu, Mwalimu," aliniambia. "Mimi kazi yangu ni pale mnaponyamaza."

Mwalimu ni mimi. Siku za juma nafundisha darasa la tano, na Jumapili nasimama mbele ya kwaya ya watu ishirini na sita, ambao nusu yao hawafiki mazoezini na wote wanataka kuimba sauti ya kwanza. Fundi nimemjua vizuri, pengine kuliko wengi. Namwandika kwa furaha, ila siwezi kumwandika bila kusema kwamba alibeba kosa langu kwa miaka minne, na kosa hilo lilimtoa kwenye kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote kati ya Mbulu na Katesh. Nitafika huko. Kwanza mjueni.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alivaa mabuti ya mpira kiangazi na masika. Harusini alivaa suti na mabuti ya mpira. Kwake ilikuwa Katesh, nyuma ya maduka, na alikuwa Mwislamu. Siku ya Ijumaa hakushika kazi ya mtu yeyote mpaka atoke msikitini. Alifunga vyombo misikitini, makanisani, kwenye mikutano ya wagombea wa vyama vyote, kwenye misiba na minada. Hakuwahi kuniuliza naamini nini, na mimi sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi. Watu wa Katesh walikuwa na majibu matatu tofauti juu ya hilo.

Siku ya kwanza alipokuja kwetu, spika zetu zilikuwa zinanguruma. Tulikuwa tumeshazoea. Mchungaji akisoma neno, chini ya sauti yake kulikuwa na mngurumo mzito usiokatika, na wazee walidhani ndivyo umeme unavyosikika. Fundi hakugusa spika wala amplifaya. Alipiga magoti ukutani, akachungulia soketi, akachomoa kalamu ya bluu. Ndiyo, kalamu ya kuandikia. Plagi ya amplifaya yetu ilikuwa na miguu miwili na soketi ina matundu matatu, kwa hiyo mtu alichomeka kalamu kwenye tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke. Kila mtu alifanya hivyo, na mimi nyumbani nilifanya hivyo kwa kuchajia simu.

"Hili tundu mlilolifunga kwa kalamu," akasema, "ndiyo njia ya kutokea. Mmemkaribisha mgeni ndani mkafunga mlango wa nyuma."

Akaitia kalamu mfukoni. Baadaye niligundua kwamba alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vitu alivyovichomoa kwenye soketi za wilaya mbili: kalamu, vijiti, ufunguo wa kabati, mpini wa mswaki. Aliutikisa mbele ya watu waliombishia. "Hawa wote wako hai kwa bahati," alisema, na akaufunga mkebe.

Nyaya zake alizitengeneza mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Waya wa kuleta umeme kwenye amplifaya hakuununua dukani ukiwa tayari. Alichukua nyaya tatu, akazisokota pamoja kwa mkono, vizuri, kama mtu anayesuka ukili. Kisha alichukua kebo kuukuu ya antena ya televisheni, akaichuna ganda la nje, akavua ule wavu wa shaba uliomo ndani, akauvalisha juu ya zile nyaya tatu, akamalizia kwa mpira mweusi. Kazi ya kuvua ule wavu bila kuukata ilimchukua asubuhi nzima. Nilimkuta siku moja kibarazani kwake akiuvua, midomo ameibana, na mkewe akanifanyia ishara nisimsalimie kwanza.

Alipomaliza nikamuuliza wavu ni wa nini.

"Umeme una kelele," akasema. "Huzisikii, lakini zile nyaya za maiki zinasikia. Wavu unazikusanya hizo kelele na kuzipeleka chini, ardhini. Lakini unafungwa upande mmoja tu, Mwalimu. Upande wa ukutani. Huku kwa amplifaya unauacha wazi."

"Kwa nini usifunge pande zote mbili? Si ungekuwa imara zaidi?"

"Zizi lenye milango miwili limewahi kukaa na ng'ombe? Wanaingia huku wanatokea kule wanazunguka. Ukifunga pande zote mbili kelele zinazunguka humohumo na spika inaimba yenyewe, na nyie mtakuwa hamna kazi."

Alikuwa na sheria nyingine za namna hiyo. Waya wa umeme usilale kando ya waya wa maiki hata kidogo, na kama ni lazima zikutane, basi zikutane kwa kukingamana. "Kama msalaba," alimwambia mzee wa kanisa bila kutabasamu, na mzee wa kanisa hakujua acheke au akasirike. Waya usizungushwe kama kamba ya mbuzi ukaachwa nyuma ya spika. Mtu asiseme "imekaa sawa" kabla ya kukaa kimya na kuhesabu hadi thelathini.

Harusi moja Dongobesh aliwasimamisha maharusi nje ya ukumbi wakati bendi ya tarumbeta imeshaanza kupiga, kwa sababu kulikuwa na mngurumo mdogo ambao hakuna aliyeusikia isipokuwa yeye. Mama wa bwana harusi alimfokea, akamwambia ataharibu shughuli ya watu. Fundi alizunguka ukumbi akiwa ameinamisha kichwa, akafika nyuma ya jiko la muda, akakuta friji la soda limechomekwa kwenye ekstensheni ya vyombo vyake. Akalichomoa. Soda zilinywewa za moto siku ile, na wageni wengi wanaikumbuka harusi kwa hilo tu.

Sasa mtu wa namna hiyo, nyumbani kwake alikuwa na redio ya mbao ambayo haikuwa na plagi kabisa. Ilikuwa na nyaya mbili zilizochunwa ncha, zimechomekwa moja kwa moja kwenye soketi na kubanwa kwa njiti za kiberiti. Nilipoiona nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye aliona haya, akasema ataitengeneza Jumamosi. Mkewe akasema Jumamosi hiyo ina umri wa mtoto wao wa pili. Nilimpenda zaidi tangu siku ile, kwa sababu mimi pia sahihi zangu nyingi huwa ziko kwenye madaftari ya watoto wa wenzangu, ya wanangu yakingoja.

Nifike sasa kwenye chuma.

Kanisa letu limejengwa juu ya mwamba. Wahubiri walilipenda sana jambo hilo, Fundi hakulipenda. Ile njia ya kutokea aliyokuwa akiisema lazima iishie ardhini, kwenye fimbo ndefu ya shaba, ambayo yeye aliiita chuma tu, iliyopigwa nyundo hadi chini kwenye udongo wenye unyevu. Kwetu fimbo iligonga mwamba kabla haijazama hata nusu. Alijaribu pembe zote nne za jengo. Mwishowe, kwenye pembe ya nyuma, alichimba shimo pana, akailaza fimbo humo kwa mshazari, akaifunga waya kwa fundo alilolikaza kwa uzito wake wote, akazungushia mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe ili vishike unyevu, akafukia. Kisha akanikabidhi ndoo.

"Masika haitahitaji kitu," akasema. "Lakini kiangazi udongo wa hapa ukikauka haupitishi chochote. Itakuwa kama hakuna chuma. Kila Ijumaa, ndoo mbili, mwaga polepole mpaka zinywewe. Usimwage kwa haraka yakakimbia. Hii kazi ni yako, Mwalimu. Simpi mtu mwingine."

"Na nisipomwaga?"

Akachukua maiki, akaigonga kichwani kwa kidole. "Huu wavu wa maiki umeungana na bati la amplifaya. Bati limeungana na chuma. Siku umeme ukigusa bati, unatakiwa ushuke ardhini. Ardhi ikiukataa, unakuja huku, mdomoni kwa mwimbaji." Alisema taratibu, kama ninavyosema mimi na mtoto ambaye sitaki asahau.

Basi nikawa namwaga. Kila Ijumaa ya kiangazi, baada ya shule, nilibeba ndoo mbili kutoka kisimani, nikachuchumaa kwenye pembe ya kanisa, nikamwaga polepole. Na kila Ijumaa jioni simu yangu iliita.

"Chuma kimekunywa?"

"Kimekunywa, Fundi."

"Haya." Akakata. Hakuwa mtu wa kupiga soga kwenye simu.

Spika zetu zilikuwa safi kabisa miaka hiyo. Kwaya kutoka mjini Mbulu zilipokuja kwetu ziliulizia vyombo, na mimi nilijigamba kana kwamba nyaya nilizisuka mimi.

Halafu mzee wa kanisa akaniita kando, kiangazi kimoja, siku niliyotoka kuchaguliwa kuwa mwalimu wa kwaya wa usharika mzima. Alikuwa mtu mwema na alisema kwa upole, ndiyo maana ilinichoma. Aliniambia watu wameanza kuulizana. Mtu gani anamwaga maji kwenye pembe ya nyumba ya ibada kila Ijumaa, amechuchumaa, kwenye shimo lililofukiwa mkaa na chumvi? Babu zetu walimwaga pombe chini kwa sababu zao, na wote tulijua sababu hizo. "Na aliyelichimba ni mtu wa nje ya kanisa," akasema. "Mimi najua ni mambo ya umeme. Lakini wewe sasa ni kiongozi, Mwalimu. Watu wanakuangalia."

Ningeweza kumwita aje aone lile fundo na fimbo. Ningeweza kumpigia Fundi, naye angekuja na mkebe wake wa kalamu na kuwapa somo Jumapili baada ya ibada, na kanisa zima lingecheka na kuelewa. Sikufanya hivyo. Niliona aibu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa cheo, na sikutaka kuitwa mwalimu wa matambiko. Niliacha kumwaga mwezi wa saba, na Ijumaa ile simu ilipoita nikasema, "Kimekunywa, Fundi."

Nilisema hivyo kila Ijumaa, mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Uongo wa kwanza ulinisumbua. Wa pili haukunisumbua sana. Kufikia wa tano nilikuwa nasema huku nasonga ugali.

Mngurumo ulianza kurudi, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu niliusikia. Ulikuja taratibu, kwanza mdogo, kisha ukawa wa kawaida. Siku za ibada zisizokuwa na jambo kubwa Fundi hakuja, vyombo tuliviwasha wenyewe. Nikapunguza besi kidogo, na sauti ya kinanda nikaiongeza, na maisha yakaendelea.

Sikukuu ya mavuno mwaka huo Fundi alikuja kwa sababu tulikuwa na wageni. Alikaa kimya akasikiliza, akakunja uso. "Kuna kitu," akasema. "Chuma kimekunywa?" Nikamwambia kimekunywa. Akatafuta muda mrefu kwenye nyaya zake, na watu wakaanza kuingia, mchungaji akamwomba aache, naye akaacha. Katika miaka yote ile ni mara moja tu nilimwona akiacha kabla hajamaliza. Aliacha kwa sababu alinisadiki.

Mwimbaji wetu wa kuongoza alikuwa Paskalina, na bado ni yeye, mwanamke mwenye sauti inayofika barabarani bila maiki. Viatu vyake vipya vilimbana akavivua. Sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi ile na haijakauka. Wanawake walichota maji mengi sana kwa ajili ya sikukuu, nami nilikuwa miongoni mwao, ndoo kwa ndoo, sakafuni. Paskalina akashika maiki, akaanza ubeti, na sauti ikakatika. Hakupiga kelele. Mkono ulikaza kwenye maiki na mwili ukakakamaa, akaanguka akiwa bado ameishika.

Fundi aliingia kutoka nje akikimbia na mabuti yake, hakumgusa Paskalina, alienda moja kwa moja ukutani akang'oa plagi. Maiki ikaanguka. Paskalina alivuta pumzi. Nilisikia watu wakilia na nikagundua mmoja wao ni mimi.

Paskalina alipona. Kiganja kilibabuka na kidole kimoja hakikunjiki vizuri mpaka leo. Lakini kabla hata hajapelekwa zahanati, wazee walikuwa wameshamzunguka Fundi wakimuuliza, na yeye hakusubiri. "Kosa ni langu," akasema. "Fundo langu la ardhini limeachia. Hakuna lingine." Akanitazama mimi, siyo kwa kunishuku, alinitazama kama mtu anayemwomba mwenzake radhi. Nilifungua mdomo. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama pale pale. Nikaufunga.

Alichukua amplifaya yetu akaenda nayo. Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya pili yake. Baada ya hapo simu ya Ijumaa haikuita tena, na habari zikatufikia kwamba ameacha kazi, ameuza spika zake kubwa, amehamia kwa binti yake Hirbadaw kulima alizeti. Watu wa kwetu walisema ni uzee. Kanisa lilinunua amplifaya nyingine, likampata fundi mwingine, kijana wa maneno mengi, ambaye siku ya kwanza spika ziliponguruma alikata mguu wa juu wa plagi kwa msumeno, na mngurumo ukapungua, na kila mtu akamsifu. Paskalina alirudi kuimba, lakini maiki inawekwa kwenye stendi na yeye anasimama hatua moja nyuma yake, mikono ameikunja mgongoni. Kila Jumapili kwa miaka minne niliona jinsi alivyoificha ile mikono, kwa sababu nimesimama mbele yake.

Mwaka huu, baada ya mazoezi, nilimwambia Paskalina kila kitu. Tulikuwa tunakunja majoho. Alinisikiliza hadi mwisho, na hakuacha kukunja.

"Umeshamwambia Fundi?" akauliza.

"Bado. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeumia."

"Mimi niliumwa wiki mbili, dada. Yeye je?" Akaweka joho la mwisho juu ya mengine. "Usiniombe msamaha mpaka utoke kwake."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi hadi Katesh, na kutoka pale nikachukua bodaboda, tukateleza kwenye matope mpaka Hirbadaw. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Fundi alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi na mkewe. Amekonda, na mabuti ni yale yale.

"Shikamoo, Fundi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu," wakasema pamoja. Akaniuliza habari za shule, za kwaya, za barabara. Hakuuliza habari za vyombo. Mkewe alinimiminia chai, na nilipoingia ndani kupokea kikombe niliiona amplifaya yetu juu ya meza, imefunikwa kitambaa nusu, bati la juu limefunguliwa.

"Huyo ndiye mke mwenzangu," mama akasema. "Anaifunua, anaitazama, anaifunika. Lakini taa ikiungua humu ndani anaita fundi wa dukani. Hashiki bisibisi tena."

Nilitoka nikakaa mbele yake. Nikakiweka kikombe chini.

"Fundi, nimekuja na neno. Mwaka ule chuma hakikuwa kinakunywa."

Akanigeuzia sikio la kulia. "La kushoto halisikii siku hizi. Sema tena."

Nikalazimika kulisema kwa sauti, mkewe akasikia, na jirani aliyekuwa anafunga mbuzi ng'ambo ya ua akasikia. "Sikumwaga maji, Fundi. Tangu mwezi wa saba mpaka siku ile ya Paskalina. Watu walisema ni tambiko, nikaona aibu. Kila Ijumaa nilikudanganya."

Hindi lilikuwa mkononi mwake. Aliendelea kulipukuchua hadi likaisha, punje moja moja, akaweka gunzi chini.

"Hata ndoo moja?"

"Hata moja."

"Nilikuja kwenu," akasema. "Wiki ya pili yake. Wewe ulikuwa darasani. Nilifukua, nikakuta udongo umelowa, mvua zimenyesha, na fundo liko vilevile nilivyolifunga. Linang'aa. Ndani ya amplifaya nilikuta waya umechubuka ukagusa bati, lakini hilo ni jambo la kawaida, waya huchubuka, ndiyo maana tunaweka njia ya kutokea. Na njia ilikuwepo. Na wewe umeniambia kimekunywa. Nilikaa kwenye lile jiwe, nikajiambia, kama waya wa ardhini ni mzima na fundo ni zima, basi kilichoharibika ni kichwa changu. Mtu wa kichwa kibovu asishike umeme wa watu."

"Miaka minne, Mwalimu," akasema mkewe. Sikuweza kumtazama.

Nilimwambia kwamba nitasimama mbele ya kanisa nikiri. Alitikisa kichwa. "Hayo ya kanisa malizeni wenyewe." Alikuwa amefumbua mikono yake miwili juu ya magoti, anaitazama, viganja juu, kisha akaigeuza akatazama upande wa pili. Aliitazama muda mrefu sana.

"Kumbe haikukosea," akasema.

Nililia, na hakuna aliyeninyamazisha. Nadhani walifanya vizuri.

Kisha akasimama. "Pale kwenye pembe ya nyumba kuna chuma. Nilimwekea binti yangu. Ndoo hizo hapo, pipa limejaa. Ndoo mbili."

"Fundi, ardhi yote hii imelowa. Mvua imenyesha wiki nzima."

"Naona. Mwaga."

Nikachota, nikachuchumaa kwenye matope na gauni langu la safari, nikamwaga polepole kama alivyonifundisha, nikisubiri maji yanywewe kabla ya kuongeza. Yeye alisimama juu yangu na mabuti yake, na ndoo ya kwanza ilipoisha hakusema imetosha. Nikachota ya pili. Ilipoisha nikainua kichwa, nikakuta hayupo. Alikuwa ameingia ndani, na nilimsikia akimuuliza mkewe ule mkoba wa bluu umewekwa wapi.

Alitoka nao, umepauka, zipu imekwama, akawa anaivuta. "Nani anawafungia vyombo siku hizi?"

Nikamwambia, na nikamwambia habari ya mguu wa plagi uliokatwa. Alifumba macho kama mtu aliyekanyaga msumari. "Na Paskalina anaimba hapo?"

"Anaimba. Mikono nyuma."

Zipu ikafunguka. Akaingiza mkono, akahesabu vifaa vyake kwa kuvigusa, bila kuvitazama.

"Jumapili ya wiki ijayo nitafika saa kumi na mbili," akasema. "Sikio langu moja halifai, kwa hiyo utasikiliza pamoja nami. Na Ijumaa nitakupigia."

Ijumaa alipiga. Nilikuwa bado nimechuchumaa kwenye pembe ya kanisa, mchana kweupe, masika, joho la kwaya nimelivaa makusudi, na mzee wa kanisa, ambaye nimeshamwambia yote, amesimama kando yangu ameshika ndoo ya pili.

"Chuma kimekunywa?"

"Subiri kidogo, Fundi," nikasema. "Bado kinakunywa."